Mwalimu Aliyefungua Mvua

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Magu, sikumjua mtu mzima hata mmoja aliyetilia shaka kwamba mvua inaweza kufungwa. Hayo hayakuwa maneno ya kutishia watoto ili walale. Yalisemwa kama habari yoyote ile, kama bei ya pamba au ugonjwa wa ng'ombe. Mchana mawingu yalipanda kutoka ziwani, yakawa meusi, radi ikanguruma, wanawake wakakimbia kuanua mihogo. Kisha upepo uligeuka na mawingu yakaenda kunyesha Ukerewe. Hapo mtu angesema, bila kupaza sauti, kwamba yupo aliyeyafukuza, na kilichobaki ni kumjua ni nani.

Sasa ninaishi Butimba. Nauza miwani katika duka moja mjini Mwanza, na jioni mbingu zikiwa safi natoa darubini yangu nje, naiweka kwenye jiwe lililo nyuma ya nyumba, naangalia. Hainiingizii kitu, na wenzangu wa kazini wameacha kuniuliza kwa nini nafanya hivyo. Nikiulizwa na wageni nilianzia wapi, nasema nilifundishwa na mwalimu wangu wa shule ya msingi. Ni kweli, ila ni kipande kimoja tu cha ukweli.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kwa sababu wazazi wangu walikuwa mjini wakitafuta maisha. Bibi alikuwa mjane. Katika uwa wake kulikuwa na nyumba mbili: ya nyasi, tuliyolala mimi na yeye, na ya bati, aliyojengewa na wajomba zangu, ambayo aliipangisha. Mpangaji wetu alikuwa Mwalimu Kamugisha, Mhaya kutoka upande wa Bukoba, mtu mwembamba mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Alifundisha hesabu na sayansi. Alikuja na mkewe, Mama Koku, na binti yao mdogo Koku, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Jumapili walitembea mbali kwenda kusali kwa Walutheri wenzao, na jioni walikula ndizi zilizokuja na lori kutoka Kagera. Kwa watu wa kijijini, hayo mawili yalitosha kuwafanya wageni wa kudumu.

Darubini yake aliitengeneza mwenyewe, uani kwetu, mbele ya macho yangu. Alinunua mjini lenzi moja ya miwani, akaifunga kwenye mdomo wa bomba la plastiki, lile la kupitishia maji, lenye urefu wa hatua moja ndefu ya mtu mzima. Ndani alilipaka masizi yaliyochanganywa na rangi ili mwanga usirudi rudi. Upande wa kuchungulia aliweka lenzi ndogo aliyoitoa kwenye kamera mbovu, akaishikilia kwa maboksi aliyoyakunja na kuyagandisha kwa gundi. Bomba lote lililala kwenye panda ya mti iliyochimbiwa ardhini.

Jioni ya kwanza, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia, alituita mimi na watoto wengine wa jirani tuone mwezi. Ulikuwa na mashimo. Ulikuwa pia na ukingo wa rangi ya zambarau, ambao Mwalimu alisema ni kosa la lenzi, wala si wa mwezi, na ulikuwa umepinduka, chini juu. Baadaye alituonyesha sayari ya Mshtarii na nyota ndogo zilizojipanga ubavuni mwake, akasema hizo ni miezi yake. Nakumbuka niliondoa jicho na kuangalia angani, kisha nikarudi kuchungulia, nikitaka kuhakikisha kwamba ni kitu kilekile.

Alipenda kutusimulia habari za watu waliofanya kazi hiyo kabla yake. Alisema kazi kubwa ya nyota ilifanywa na watu ambao hawakulipwa mshahara kwa ajili yake. Kulikuwa na mwanamuziki huko Ulaya aliyesaga vioo vyake mwenyewe nyumbani, saa nyingi bila kupumzika, dada yake akimlisha tonge mdomoni ili mikono isiachie kioo. Mtu huyo ndiye aliyeona sayari ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua, na dada yake naye akaja kugundua nyota zenye mkia. Mpaka leo, alisema, wapo makarani na wakulima wanaokaa nje jioni kukadiria jinsi nyota fulani inavyofifia na kung'aa tena, na wataalamu wanategemea hesabu zao.

"Wakulima?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Wakulima, Bibi."

"Hilo silishangai," alisema. Yeye alipanda kwa kuangalia Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho kwetu kikianza kuonekana mashariki jioni, watu huandaa majembe. Mwalimu akamwelekezea bomba huko. Bibi aliinama, akachungulia muda mrefu, kisha akasimama akishika kiuno.

"Zimezaana," alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Mwaka uliofuata mvua za kupandia zilichelewa. Watu walipanda pamba mara moja ikafa, wakapanda tena. Majaruba ya mpunga yalipasuka kama kisigino cha mzee. Mawingu yalikuja na kuondoka kama kawaida yake. Mbingu za jioni zilikuwa safi kuliko wakati mwingine wowote, na Mwalimu, ambaye alikuwa na subira ya kila kitu isipokuwa mbingu safi, alikuwa nje na bomba lake karibu kila siku.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu waliona kwamba siku bomba likitoka, mawingu hayapo. Ilikuwa kweli kabisa. Mwalimu alilitoa kwa sababu mawingu hayapo, lakini anayetazama kutoka upande wa pili wa uzio, shamba lake limekauka, haoni kipi kilitangulia. Sisi watoto nasi tulikuwa tumeshasema katika kila nyumba kwamba bomba linapindua mwezi. Tulisema kwa kujivuna. Yaliporudi kwetu, maneno yalikuwa yamebadilika: Mhaya ana chombo cha kupindulia mbingu.

Bibi alimfuata Mwalimu kibarazani. Nilikuwa nachambua dagaa karibu yao.

"Mwalimu, hilo bomba lilaze ndani mpaka mvua inyeshe."

"Bibi, nikilificha watasema nimelificha."

"Watasema. Lakini hawataliona."

Alilificha, ila alichelewa. Mama Koku alipokwenda kwenye pampu ya kijiji, wanawake walijitenga naye. Ndoo yake ilisukumwa nyuma ya foleni, na kila ilipokaribia ilisukumwa tena. Mmoja alimwambia, kwa adabu zote, kwamba mwenye mvua nyumbani hahitaji maji ya pampu. Mama Koku alikuwa na mimba kubwa. Ziwa lilikuwa mbali kwa mtu mwenye ndoo kichwani, kwa hiyo Mwalimu alianza kwenda ziwani kwa baiskeli alfajiri kabla ya shule, na maji hayo ndiyo waliyokunywa, wakapikia na kuogea. Hayakutosha. Bibi aliwagawia ya kwetu, mpaka nasi tukaanza kusukumwa kwenye foleni.

Lazima niseme jambo moja kuhusu Bibi, ambalo wakati ule nililijua bila kulielewa. Alikuwa kikongwe, mjane, na macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Upande wetu, miaka ile, wanawake wa namna hiyo waliitwa wachawi kwa sababu hiyo tu, na wengine walikutwa asubuhi wamekatwa mapanga ndani ya nyumba zao. Watu wazima walilizungumza hilo wakidhani tumelala. Na mtu anayesemekana kufunga mvua alikuwa akilala chini ya bati la Bibi.

Mzee Masanja, aliyekuwa msemaji wa wazee wa kijiji, alikuja siku moja mchana na wenzake wawili. Hawakuja kwa ukali. Waliketi, wakapokea uji, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha Mzee Masanja akasema kwamba hawana neno na Mwalimu, anafundisha watoto vizuri, ila vijana wameanza kuongea yao na wazee hawawezi kuwashika wote. Akasema kuna njia rahisi.

"Fungua tu, kijana wangu. Mbele za watu. Yaishe."

"Sikufunga, Mzee."

"Basi kufungua hakutakugharimu kitu."

Walipoondoka, Mwalimu alikaa jikoni kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama Koku alisimama mlangoni. Bibi alikuwa anasukuma moto.

"Babu yangu alikuwa mtu wa mvua wa mtemi," Bibi alisema. "Ilipokuja walimletea ng'ombe. Ilipokosekana walimfukuza, akafia ugenini. Nakuambia nilichokiona nyumbani kwetu. Ukifungua, utakuwa umekubali kwamba ulifunga. Na hawatakuachia hapo."

"Na nisipofungua?"

Bibi hakujibu. Aliendelea na moto wake.

"Fungua, Baba Koku," Mama Koku alisema. "Ni maneno tu."

Mwalimu alimtazama mkewe, kisha akamtazama Bibi kwa muda. Akasema, "Haya."

Ilifanyika Jumamosi asubuhi, juu ya jiwe kubwa lililo mgongoni mwa kijiji. Mzee Masanja alitangaza kwamba bomba lazima lioshwe kwa maji ya ziwa, na aoshe mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha. Kwetu mtoto huyo hujulikana kwa jina lake. Mimi naitwa Kabula. Sijui hadi leo kama hiyo ilikuwa desturi ya zamani au kama mzee aliitunga asubuhi ileile, lakini nilisukumwa mbele nikapewa kibuyu.

Mwalimu aliweka bomba lake juu ya jiwe. "Ngoja nitoe lenzi," alisema. "Na maboksi ya ndani. Yakilowa hayafai tena."

"Hilo ndilo jicho lake," Mzee Masanja alimjibu kwa upole. "Tukiosha bomba tukaacha jicho, tutakuwa tumefanya nini?"

Basi nilimimina. Maji yaliingia upande mmoja yakatoka upande wa pili yakiwa meusi kwa masizi, na watu walipoona ule weusi walinong'ona, kwa sababu kwao ulikuwa ushahidi. Maboksi yalitoka yamelegea kama ugali. Mzee Masanja akaligeuza bomba, mdomo ukaelekea ardhini.

"Sasa sema."

"Niseme nini?"

"Sema umefungua."

Mwalimu alisimama wima. Bibi hakuwepo, alikataa kupanda. "Nimefungua," alisema, kwa sauti ileile aliyotumia kutusomea majibu ya hesabu.

Mvua ilinyesha kabla wiki haijaisha. Ilinyesha kwa utulivu kuanzia mchana hadi watu walipolala, na watoto walioga kwenye michirizi ya paa. Mzee Masanja alileta jogoo. Wanawake walimtuma binti na ndoo mbili zilizojaa hadi mlangoni kwa Mama Koku. Mwalimu alisalimiwa kwa mikono miwili, na watu wa umri wa baba yake walishuka kwenye baiskeli walipopishana naye.

Siku chache baadaye alijaribu kutueleza darasani. Alichora ubaoni ziwa, jua, mvuke, upepo. Alieleza vizuri sana, mpaka leo siwezi kueleza hivyo. Mwanafunzi mmoja wa dawati la mbele, msichana mwenye akili, akanyoosha mkono.

"Lakini Mwalimu, ulisema umefungua."

Aliiweka chaki mezani, akafuta ubao. Hatimaye alisema tufungue vitabu vya hesabu, na somo la mvua hakulirudia tena.

Yaliyobaki yalikwenda kama Bibi alivyosema. Alikuja mtu kutoka kijiji cha mbali kuomba mvua ihamishiwe kwake. Akaja mwingine aliyetaka ya jirani yake izuiwe. Mwalimu aliwarudisha wote, nao waliondoka wakiamini kwamba walikuja na zawadi ndogo mno. Kisha mvua ikazidi. Ilibeba miche ya mpunga, ikaozesha mizizi ya pamba, ikalaza ukuta wa darasa moja. Mzee Masanja alirudi, safari hii bila kuketi.

"Umefungua mno," alisema. "Punguza."

"Mzee, siwezi."

"Kufungua uliweza."

Mawe yalianza kurushwa juu ya bati jioni baada ya jioni. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye muda wote alikuwa amenyamaza, alimtafutia Mwalimu nafasi kwenye lori la mpunga lililokuwa linakwenda mjini, na taarifa za uhamisho zikafuata baadaye. Waliondoka asubuhi. Mama Koku alikuwa amejifungua mvulana. Bibi aliwafungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya safari, akamshika mtoto kidogo, akamrudisha. Hakusema kwamba aliwaonya. Mwalimu alitaka kumwambia kitu, akaishia kusema, "Bibi, tunashukuru."

Bomba lilibaki kwetu. Hakuna aliyethubutu kuligusa, watu walipita mbali na uwa wetu kwa sababu yake. Mwezi ulipopita, Bibi alilichukua, akalipasua katikati kwa urefu wake kwa msumeno wa kuazima, akalifunga kwa waya ukingoni mwa paa la bati, likawa gata. Maji yalitiririka humo yakaingia kwenye pipa. Wanawake waliokuja kumwazima chumvi waliliangalia, wakaliona ni bomba. Kwa kuwa aliyesemekana kufunga na kufungua alikuwa ameondoka, maneno nayo yaliondoka naye.

Nilidhani nimeielewa habari hii. Nikiwa sekondari niliisimulia kama habari ya ujinga wa watu na mtu mmoja msomi aliyekosa ushujaa wa kusema hapana. Wenzangu walicheka pale penye "punguza".

Miaka kadhaa iliyopita duka letu lilikwenda Bukoba kupima macho ya watu kwenye uwanja wa kanisa. Mchana aliingia mzee mwembamba anayehitaji miwani ya kusomea. Nilipompa lenzi za kujaribu, hakuziweka machoni. Alichukua moja, akaishika mbele ya ukuta uliotazamana na dirisha, akaisogeza mbele na nyuma mpaka picha ya dirisha ikatokea ukutani, imepinduka. Nilisimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi Kabula wa Magu."

"Marahaba." Alinitazama. "Kabula wa Bibi."

Tulizungumza baada ya foleni kwisha. Mama Koku alikuwa mzima, Koku ni muuguzi. Nilimwambia nina darubini, akataka kujua kipenyo cha kioo chake, akaridhika. Yeye hakutengeneza nyingine. Alisema alimaliza miaka yake ya kazi akifundisha hesabu peke yake.

Nikamuuliza nililotaka kumuuliza siku zote: kwa nini alikubali kusema.

"Mke wangu alikuwa hapewi maji," alisema. Akakunja kitambaa cha kufutia miwani. "Na bibi yako alikuwa na macho mekundu. Mimi ningeweza kuhama. Yeye angehamia wapi?"

Nilirudisha lenzi kwenye sanduku lake. Akauliza, "Alikufaje?"

"Kwa uzee. Kitandani kwake."

"Vizuri," alisema.

Kwa hiyo naiweka habari hii kama nilivyoipata. Bibi alijua kitakachomfika Mwalimu akifungua, akamwambia. Mwalimu alijua kitakachoweza kumfika Bibi asipofungua, hakumwambia. Kila mmoja alikuwa sahihi kuhusu mwenzake. Nashuku Bibi aliyajua yote mawili, ndiyo maana aliposhindwa kumjibu pale jikoni aliendelea kusukuma moto.

Mwaka jana mvua zilichelewa tena. Nilikuwa nje na darubini, giza likiingia, jirani yangu Mama Eliza akaja kusimama kwenye uzio. Anauza nguo sokoni, ni mtu wa Misungwi.

"Dada Kabula," alisema, nusu akitania, "hicho si ndicho kinachotuzuilia mvua?"

Sikueleza kitu. Nilimwita aje achungulie. Niliielekeza kwenye sayari ya Zohali, akaona ile pete, akauliza kama ni picha iliyobandikwa ndani. Nikamwambia asogee aangalie mbele, hakuna picha. Akarudi kuchungulia.

"Kwa hiyo haihusiani na mawingu."

"Haihusiani."

"Basi sawa," alisema, akaaga. Asubuhi tulisalimiana kama kawaida.

Ningependa kuamini kwamba nilimshawishi. Nimelifikiria sana hilo, na sidhani kama ni kweli. Mwalimu wangu alieleza vizuri kuliko mimi, kwa watu wenye akili kuliko sisi sote, na hakusikilizwa. Mama Eliza ana bomba la maji uani kwake, na unga anaununua dukani; hana shamba la kukauka.